Kliti ya henza iling'oka mlingotini: jinsi ya kuchagua nyingine na kuifunga isirudie

#1 Mwanamaji wa Tudor (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wana bahari, na wengine wote hamjambo.

Uzi huu utakuwa mrefu kidogo, nawaomba subira. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka mlango wa Bandari ya Kale ya Mombasa, Fort Jesus iko kuliani kwangu, napiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku, kuukabili upepo wa kusi. Maji yalikuwa yanatoka, na mnajua siku za bamvua, maji makubwa, mkondo wa pale unavyovuta. Chombo changu ni kiboti cha faiba cha futi 14, mlingoti wa alumini, tanga kubwa na tanga dogo la mbele. Upepo ukapiga mshindo mmoja, nikasikia "tak!" kama kijiti kinapovunjika, na tanga kubwa lote likatushukia. Mwendo ukakatika, mkondo ukatuchukua kuelekea nje, kule mawimbi yanakovunjikia mwambani. Nilitupa nanga, ikaburura, ikashika mara ya pili. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kukunja tanga na kushika kasia. Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 12. Alhamdulillahi tulirudi wazima, lakini usiku ule sikulala.

Kilichong'oka ni kliti, kile kipande chenye pembe mbili kinachofungiwa henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, chini ya mlingoti. Nilikiona kinaning'inia kwenye kamba. Nilipofika nyumbani nikakiweka mezani pamoja na miwani ya kusomea, nikakitazama vizuri. Kliti yenyewe ni ya stenlesi, nzima, inang'aa. Riveti zilizoishika zilikuwa mbili tu, za alumini, nyembamba, milimita 3.2. Moja ilikatika kichwa. Nyingine ilitoka nzima, na tundu lake mlingotini halikuwa duara tena, limetanuka kama punje ya mtama iliyopasuka. Kulizunguka kulikuwa na unga mweupe, ukiukwaruza kwa ukucha unatoka kama chokaa.

Ule unga ndio uliokula mlingoti. Stenlesi na alumini zikigusana kwenye maji ya chumvi huwa kama betri: alumini, iliyo dhaifu kati ya hizo mbili, ndiyo inayolika. Aliyefunga kliti ile hakuweka kitu chochote katikati. Simjui, boti niliinunua mkononi ikiwa tayari imefungwa hivyo. Lakini mimi niliitumia miezi minane bila hata mara moja kuipiga jicho chini ya ile kliti, na lawama hiyo ni yangu.

Nitaandika nilichojifunza katika kuchagua na kufunga nyingine. Nina pia mashua ya ami yangu pale Mtongwe, ya mbao, ambayo nataka kuifunga kliti hizohizo mlingotini ili henza isiwe inafungwa ovyo. Kwa hiyo mwenye ujuzi wa mashua naomba asome hadi mwisho.

#2 Mwanamaji wa Tudor

Naanza na kuchagua, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunaingia duka la vyuma, tunaangalia ipi inapendeza, tunalipa. Kliti huchaguliwa kwa kamba. Pima unene wa henza yako kwanza. Hesabu inayotumika ni urefu wa kliti uwe kama mara 16 ya unene wa kamba. Henza ya milimita 6 inataka kliti ya milimita 100 hivi. Ya milimita 8 inataka 125 hadi 130. Ya milimita 10 inataka 150 na kuendelea. Yangu ya zamani ilikuwa ya milimita 75 na henza ni ya 8. Kamba ilikuwa inajaa pembeni baada ya nane moja tu (kuipitisha kamba kwenye pembe mbili kwa umbo la 8), hainipi nafasi ya kuifunga sawasawa. Nikadhani ndivyo ilivyo.

Ya pili, angalia tako lake. Mlingoti wangu ni wa mviringo, na kliti nyingi zina tako bapa. Ukiweka bapa juu ya mviringo inakanyaga mstari mmoja tu katikati, inayumba kushoto na kulia kila unapovuta, na kila inapoyumba inachimba riveti. Tafuta yenye tako lililochongwa kufuata mviringo, au uitengenezee tandiko.

Ya tatu, pitisha kidole chini ya pembe na kwenye kingo zote. Kama kuna ukali unaokwaruza ngozi, utakwaruza kamba. Kliti za bei nafuu za kumiminwa huwa na ule mstari wa kalibu. Unaweza kuusugua kwa tupa na msasa, lakini kama umejaa vitundutundu kama mkate, iache dukani.

Kuhusu aina: zipo za pembe mbili, zipo za meno mawili yanayobana kamba kwa springi, na zipo za mfereji wenye meno ya mshazari usio na kitu kinachotembea. Mimi nimechagua ya pembe mbili kwa henza zote. Sababu yangu ni moja. Siku ya dharuba, unapotaka kutua tanga upesi, ile ya pembe unaweza kuifungua kamba ikiwa imekaza kabisa, ukaipunguza kidogokidogo huku msuguano ukikusaidia kushika uzito. Ile ya meno ya springi inakutaka uvute kamba zaidi kwanza ndipo meno yaachie, na kamba iliyobeba tanga lenye upepo haivutiki zaidi kwa mkono mmoja.

#3 Dada wa Mtwapa

Pole sana kaka, na pole kwa mtoto. Mimi nasafiria kiboti kidogo zaidi ya chako pale creek ya Mtwapa, na henza zangu zote mbili ni za meno ya springi, zilikuja nazo. Kwa haraka ni tamu sana, unavuta tu, inashika. Wamaanisha nizitoe? Pia, kliti mbili nizipange sambamba kulia na kushoto, kimo kimoja?

#4 Mwanamaji wa Tudor

Ahsante dada. Sikwambii uzitoe kesho. Kwa tanga dogo la mbele zinafaa. Lakini zina maadui wawili hapa kwetu, chumvi na mchanga. Boti inayovutwa ufukweni kila siku, mchanga unaingia kwenye springi, siku moja jino moja linabaki wazi na lingine limefunga. Zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, uyabonyeze meno kwa kidole uone yanarudi yenyewe. Na meno yakishakuwa laini usibahatishe. Ningekuwa wewe ningeongeza kliti ya pembe mbili chini yake kwa henza ya tanga kubwa: unavuta kwa haraka kwenye meno, kisha mkia wa kamba unaufunga kwenye pembe. Meno yakiteleza, pembe inashika.

Kupanga kimo kimoja, la. Kila tundu unalotoboa linaudhoofisha mlingoti, na matundu yakijipanga kwenye mzunguko mmoja unakuwa umeuchorea mahali pa kukunjikia. Ya kulia ipandishe, ya kushoto ishushe, ziachane sentimita 15 au zaidi. Na usitoboe karibu na pale mti wa chini wa tanga unaposhikana na mlingoti, pale pana kazi nyingi tayari. Desturi ya maboti mengi ni henza ya tanga kubwa kulia, ya tanga dogo kushoto. Ifuate tu, kwa sababu siku moja atakayezishika gizani huenda si wewe.

Kabla hujatoboa, ibandike kliti kwa utepe, tweka tanga ukiwa nchi kavu, kisha zungusha tanga dogo upande huu na huu. Utaona kama kamba zake zinanasa kwenye pembe. Yangu ilinasa mara mbili, nikaishusha kiasi cha upana wa kiganja.

Na usiisimamishe wima kabisa. Henza inashuka moja kwa moja kutoka juu. Kliti ikiwa wima sawa na kamba, mzunguko wa kwanza unajibana chini ya pembe ya juu na siku ya kufungua unagoma. Igeuze kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili kamba ipite kando ya pembe ya juu bila kuigusa, ikaanze kwenye pembe ya chini. Kufunga kwenyewe: mzunguko mmoja kamili kwenye tako, nane mbili au tatu, kisha mzunguko mmoja wa mwisho. Wapo wanaomalizia kwa kitanzi kilichopinduliwa ili kufunga. Mimi kwenye henza siweki. Kamba ikilowa na kukaza, kitanzi kile hukatalia palepale unapokihitaji kifunguke.

#5 Fundi wa Magongo

Naomba niulize la chuma. Mimi hufanya kazi za madirisha ya alumini, boti sijazoea, ila jirani ameniletea mlingoti wa namna yako. Kwa nini usikate hesi (mikato ya kushikia bolti) mlingotini ukatia bolti? Riveti naona kama ni za mabati.

#6 Mwanamaji wa Tudor

Fundi, swali zuri na nililizunguka siku tatu. Ukuta wa mlingoti wangu una unene wa milimita 2 tu. Bolti ya M5 ina hesi moja kila milimita 0.8, kwa hiyo kwenye milimita 2 unapata hesi mbili na nusu. Hizo hazishiki kitu, zikitikiswa msimu mmoja zinachanika. Kwenye ukuta mnene ningefuata ushauri wako bila kusita.

Riveti usizidharau. Nguvu ya henza inavuta kliti kwenda juu, sambamba na mlingoti, haiing'oi kwenda nje. Riveti inapokatwa kwa ubavu ina nguvu sana, ila iwe ya kipimo na madini yanayofaa: milimita 4.8, ya moneli, yaani mchanganyiko wa nikeli na shaba, ndizo zinazotumika milingotini. Zile za alumini za madirishani zina msumari wa chuma ndani, unabaki mle na kushika kutu. Moneli nayo si ndugu wa alumini, kwa hiyo ichovye kwenye dawa ya kutenganisha madini mawili yasilane kabla ya kuitia.

Shida niliyokutana nayo ni kwamba tundu la kliti yangu mpya ni refu, linapita kwenye tako lenye kina, na pua ya bunduki ya riveti haifiki ndani. Basi nilifanya hivi. Nilikata bamba la alumini la milimita 4, upana wa vidole vitatu, urefu kupita kliti kidogo pande zote, nikalipinda taratibu juu ya bomba hadi likalala mlingotini bila mwanga kupita chini yake. Nikalifunga kwa riveti 6 za moneli, zimepishana, hakuna mbili zilizo kimo kimoja. Sasa nina milimita 6 za alumini: 4 za bamba, 2 za mlingoti. Hapo M5 inapata hesi 7. Nikatoboa milimita 3 kwanza, kisha 4.2, nikakata hesi kwa mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili vumbi la chuma livunjike. Usiharakishe hapa, kikatio kikivunjikia ndani utalia.

Bolti ziwe za stenlesi 316, 304 hupata madoa ya kutu haraka kwenye chumvi yetu. Kila bolti ichovye kwenye dawa ile, au ukiikosa, grisi ya lanolini inayotokana na sufu ya kondoo. Chini ya kliti nimetandika kipande cha plastiki ngumu nilichokata kwenye mtungi. Hakikisha ncha za bolti hazitokezi sana ndani: kama jirani yako ana henza inayopita ndani ya mlingoti, ncha hizo zitaisaga kimyakimya.

#7 Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote. Kazi ya kiboti chako ni nzuri, mwanangu, sina neno. Lakini umesema una mashua ya ami yako na wataka kuipigilia kliti mlingotini. Usifanye hivyo kabla hujanisikiliza.

Kiboti chako mlingoti umeshikwa na waya, mbele na pande mbili. Mashua ya tanga la foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, haina waya. Mlingoti umekaa kwenye mwashiri, mbao inayoushika, umeinamia omo, yaani mbele, kidogo, na kinachouzuia usianguke mbele ni henza yenyewe. Henza hupanda, ikapita kwenye roda (kapi) kule juu, ikashuka nyuma upande wa goshi, upande upepo unakotoka, ikafungwa huko. Ndiyo maana tanga likipinduliwa, henza nayo huhamishwa. Wewe ukiifunga chini mguuni pa mlingoti, umeuondolea mlingoti mkono unaoushika mgongoni. Utatweka vizuri, utaondoka vizuri, upepo ukija wa nyuma utasikia mlio ambao sitaki uusikie.

Sisi hatukuwa na kliti mlingotini, na si kwa kukosa chuma.

#8 Mwanamaji wa Tudor

Shikamoo mzee. Ahsante, wallahi ahsante. Nilisoma ujumbe wako usiku, alfajiri nikaenda Mtongwe kuitazama mashua.

Ni kama ulivyosema. Mlingoti wa mvinje, hakuna waya hata mmoja, na kwenye ukingo wa nyuma pande zote mbili mbao imelika kwa kamba, mifereji laini yenye kina cha kidole. Miaka yote henza ilikuwa inafungwa pale, kulia na kushoto. Nilikuwa naiona kila siku nikafikiri ni uchakavu.

Nilipiga hesabu pia, nikaelewa jambo la pili ambalo linatuhusu hata sisi wenye waya. Henza ikivutwa na tanga kwa uzito wa kilo 60, na ukaishusha sambamba na mlingoti ukaifunga mguuni, kule juu kwenye roda kuna kilo 60 za upande wa tanga na kilo 60 za upande wa kliti. Mlingoti unakandamizwa kwa kilo 120. Ukiipeleka nyuma, sehemu ya nguvu hiyo inauvuta mlingoti kwenda tezi, yaani nyuma, badala ya kuukandamiza tu. Na tusisahau upepo ukizidi mwendo maradufu, nguvu yake huzidi mara nne.

Kwa hiyo mlingoti wa ami siugusi. Nimefikiria kliti mbili za mbao, moja kila upande wa nyuma. Mzee, mbao gani, na nizishike wapi?

#9 Nahodha Mstaafu

Marahaba. Mbambakofi, au mvule ukikosa. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa pembe, zikikata pembe itavunjika kama biskuti. Usiipigilie kwenye ubao wa ukingo peke yake. Itafute taruma, ubavu wa ndani wa chombo, bolti ipite kliti, ubao na taruma, upande wa pili tia washa pana na nati. Tundu lipake mafuta ya sifa (ya samaki) kabla ya kupitisha bolti. Kliti iwe kubwa, henza ya katani au ya nailoni nene haikai kwenye kitu cha kiganja. Na iwe mahali ambapo mtu akikaa na usukani anaifikia bila kusimama.

#10 Dada wa Mtwapa

Mzee, mafuta ya sifa yanafaa na kwenye mlingoti wa mbao wa boti ndogo yenye waya? Dada yangu anayo moja, kliti zake ni za skrubu tu.

#11 Mwanamaji wa Tudor

Mzee akiruhusu nijibu la skrubu, kwa sababu nililiona kwa rafiki. Skrubu ya shaba ya manjano usitie, chumvi huinyonya zinki ikabaki nyekundu na laini, inakatika kwa bisibisi. Bronzi au stenlesi 316. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, ikikauka toboa tena katikati kipimo cha skrubu. Hapo maji hayafiki kwenye mbao, na stenlesi haikai kwenye unyevu uliofungiwa, maana hata hiyo huoza ikikosa hewa. Kama mlingoti ni wa mbao ulio na uwazi ndani, gonga kwa kifundo cha kidole usikilize. Kliti ikae pale panapolia zito, penye gogo ndani.

#12 Fundi wa Magongo

Nimelipinda bamba la jirani leo. Limelala vizuri. Kliti ya zamani, matundu yake niyafanyeje?

#13 Mwanamaji wa Tudor

Yakifunikwa na bamba yasugue kwanza unga mweupe wote utoke hadi chuma kizima, paka dawa, funika. Yaliyobaki nje yazibe kwa riveti ya alumini isiyo na chuma ndani na silikoni kidogo, yasiachwe wazi.

Yangu nimeijaribu jana gatini kabla ya kwenda popote. Nimeifunga ncha ya juu ya henza kwenye pete ya sitaha, nikaikaza, nikaifunga kwenye kliti mpya, kisha nikaishika kamba katikati nikaivuta kwa ubavu kama mtu anavyovuta upinde. Ukivuta hivyo kamba iliyokaza, nguvu inayofika kwenye kliti ni kubwa kuliko mkono wako. Nikamwita na jirani, tukavuta wawili. Nilikuwa nimechora mstari wa penseli kuizunguka kliti na mwingine kulizunguka bamba. Baada ya kuvuta nikapiga tochi: hakuna uliosogea.

Ami amepata mbambakofi, Jumamosi tunachonga. Jumapili matlai, upepo wa asubuhi, yakiwa mapole natoka na kiboti, ndani ya creek tu, sivuki daraja la Nyali. Mpwa wangu ameshaniuliza kama atakuwa yeye wa kushika henza. Nimempa kamba na kile kipande cha zamani afanyie mazoezi ya nane sebuleni.